Dakika Nane Mlangoni

Kwetu Jomvu Kuu mwari akiletewa posa haulizwi na baba yake uso kwa uso. Hutumwa shangazi. Shangazi huingia chumbani, akaurudisha mlango, akalitaja jina la mwanamume, kisha akangoja. Mwari akisema hapana, basi ni hapana. Akinyamaza, amekubali, maana haya zinamzuia kusema ndiyo. Wengi wameolewa hivyo wakakaa raha mustarehe, mama yangu Mungu amrehemu akiwa mmoja wao, kwa hiyo sina ubavu wa kuibeza desturi hii. Ila walioianzisha hawakumfikiria msichana anayenyamaza kwa sababu ulimi umemfia kinywani.

Mimi yalinifika mwaka wa tisini na nane, Ijumaa moja baada ya Alasiri. Shangazi Barke, dada yake baba, aliyenilea tangu nina miaka tisa, aliketi ukingoni mwa kitanda changu akasema neno moja tu.

"Nassor."

Nassor ni mtoto wa ami yangu, kaka mkubwa wa baba, anayekaa Changamwe. Wakati huo alikuwa karani katika bohari la mafuta, ana pikipiki na kazi ya kudumu, na hana ubaya wowote ninaoweza kuutaja hata leo. Lakini mimi nilikuwa nikingoja jina jingine. Nilifungua kinywa, pumzi ikakataa. Nikatazama sakafu. Shangazi alinisubiri kiasi cha mtu kusoma Alhamdu mara mbili, akanibusu kipaji cha uso, akatoka. Kigelegele chake kiliwafikia majirani kabla sijapata hata machozi.

Jina jingine lilikuwa Idarus.

Idarus ni mtu wa Likoni, na kazi yake ilikuwa kupiga picha katika studio moja kule kisiwani. Miaka miwili nyuma alikuja kuwapiga picha za vitambulisho walimu wa chuo cha Kurani cha baba, nami nikiwa miongoni mwao, kwani niliwasomesha watoto wadogo wa kike. Aliniambia niinue kidevu, na nisimtazame yeye, nitazame kamera. Nikamjibu kwamba kamera nimeshaiona, haina jipya. Alicheka mpaka picha ikaharibika, akalazimika kupiga ya pili, na nasema alilazimika kwa kuwa yeye mwenyewe mpaka leo ndivyo anavyodai.

Tangu siku hiyo tulizungumza mara saba. Nazijua zote, mahali na saa, na nguo aliyovaa. Mara ya saba aliniambia waziwazi kwamba atamleta mama yake kuniposa. Wiki ile ile baba yake akafariki, mama yake akakaa eda, na mjane wa eda hatoki nyumbani kwenda kuposa. Idarus akaniomba nimngoje miezi minne na siku kumi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja Shangazi alipoketi kitandani pangu na lile jina lake.

Mtauliza kwa nini sikusema kesho yake, au kesho kutwa. Kesho yake Ami alikuja kutoka Changamwe, na nikamsikia baba akicheka naye barazani. Baba yangu, Maalim Shee, hakuwa amecheka kwa sauti tangu mama afe. Kila nilipokata shauri nimwendee Shangazi nimwambie ukweli, nilikikumbuka kicheko kile nikashindwa. Wakapanga nikaha ifungwe maulidi yakipita. Shangazi akaanza kunikataza jua, kama afanyiwavyo bibi arusi.

Siku ya kumi na sita baada ya posa, Idarus akaja Jomvu Kuu kwa kazi.

Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa ikitengeneza kalenda ya picha ndefu za miji ya kale ya pwani, na ilitaka msikiti wetu na nyumba zinazouzunguka, zote katika picha moja. Kamera ilikuwa yao, ya aina ambayo hatujapata kuiona, na pamoja nayo alikuja fundi wao wa kompyuta, kijana mmoja mpole aitwaye Phineas. Idarus alichukuliwa kwa sababu alijifunza kuitumia, na pia anajua kupiga hodi kwa watu. Msikiti ulikuwa chini ya uangalizi wa baba. Bila idhini yake pasingepigwa picha hata ya jiwe.

Walikaa barazani, nami nikasimama nyuma ya dirisha la chumba changu, ambalo vibao vyake viwili vya luva vimevunjika mahali panapofaa. Nilimwona Idarus kwa mara ya kwanza tangu nipigiwe kigelegele. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa mekundu, ya mtu aliyelala vibaya siku nyingi, na nikajua habari ya Nassor imeshamfikia. Moyo uliniuma hata nikaishika luva kwa nguvu.

Baba alikuwa na neno lake la zamani kuhusu picha za misikiti. Alisema katika kadi zote zinazouzwa mjini minara imelala chali, kuta zimeegemea nyuma, na msikiti unaoonekana unaanguka ni utovu wa heshima. Idarus akamweleza kwamba hiyo ni kwa sababu mpiga picha huinua kamera nzima kuelekea juu. Hii yake haiinuliwi. Husimama wima, sawasawa na ukuta, na lenzi peke yake ndiyo inayopandishwa kwenye reli yake mpaka ikauona mnara, huku ile ngozi nyeusi iliyokunjwakunjwa baina ya lenzi na nyuma ikijinyoosha kuifuata. Kisha lenzi husogezwa kushoto, ikarudishwa kati, ikasogezwa kulia, na vipande vitatu vinavyopatikana huungana bila mshono.

"Kumbe mtambo una adabu," baba akasema. Ilikuwa sifa kubwa kutoka kwake.

Lakini alikuwa na sharti. Picha ya kitambulisho ni haja, serikali imeitaka. Picha ya kutundikwa ukutani ni pambo, na yeye hakubali sura ya kiumbe iwe pambo la ukuta. Pasiwe na mtu. Akauliza Idarus atafanyaje, na mtaa umejaa watu wanaopita na shughuli zao.

Idarus akajibu, na sauti yake ilikuwa imepanda, si kwa utovu wa adabu, ila kama mtu anayetaka asikike mpaka ndani ya nyumba.

"Maalim, kamera hii haina filamu. Nyuma yake mna mstari mwembamba kama uzi, unatambaa polepole kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, ukisoma kila unachokipitia na kukiandika kwenye kompyuta. Kipande kimoja ni dakika nne. Anayetembea hatajulikana, atatoka mchirizi wa rangi au hatatoka kabisa. Atakayebaki ni yule aliyetulia mstari ukimfikia, na hakuna ajuaye utamfikia saa ngapi. Angetaka kubaki, ingemlazimu asimame muda wote."

"Na nani atasimama dakika nne mbele ya chombo bila sababu," baba akasema.

"Hakuna, Maalim," Idarus akajibu. "Bila sababu, hakuna."

Hakutazama dirishani. Alitazama mikono yake.

Niseme ukweli wangu, kwa kuwa kisa hiki ni changu: wala sikufikiri. Sikujiuliza baba atasemaje, wala picha itaonwa na nani. Nilisikia swali, na lilikuwa swali la kwanza nililoulizwa ambalo jibu lake halikuhitaji ulimi. Baba alitoa idhini, akaingia msikitini na kitabu chake, maana hakutaka kutoka pichani hata kama mchirizi. Phineas akaiweka kompyuta ya kukunja juu ya meza ya kahawa, akaiunga na betri ya gari, akaifunika kwa mwavuli ili jua lisimnyime kuona. Idarus akasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akaipima kwa pima maji kama mwashi. Mimi nikajitanda buibui, nikatoka hadi mlango wa mbele.

Kipande cha kwanza kilikuwa cha upande wa mbali, hakikutuhusu. Alipoirudisha lenzi katikati, aliinua kichwa kukagua mtaa, akaniona. Nilisimama wima, mkono mmoja kwenye kizingiti, uso wazi. Nilimtazama yeye. Mara hii hakuniambia nitazame kamera.

Akabonyeza. Ikaanza.

Jaribuni siku moja kusimama dakika nne. Si kukaa, kusimama, bila kuhamisha mguu. Nzi alitua kwenye nyusi yangu akafanya makazi. Mbuzi wa jirani alipita mara mbili. Wanawake wawili walipita na ndoo wakanisalimu, nikawajibu kwa macho. Kisha nikasikia Shangazi akiniita kutoka jikoni, "Tumu." Tangu nilipojifunza kusema sijapata kuitwa na mkubwa wangu nisiitike abee, na siku ile niliitwa mara tatu. Shangazi alikuwa amenikabidhi wali wa nazi. Nilianza kusikia harufu yake.

Dakika nne zilipotimia nikashusha pumzi, na hapo nikamwona Idarus akiisogeza lenzi kulia, kisha akainua kidole kimoja, kidogo tu, karibu na kifua chake. Nilielewa. Vipande hukutana mahali, na mahali penyewe palikuwa mlango wetu. Nilikuwa nimo katika cha kati, na nimo tena katika cha kulia. Nikasimama tena. Wali ukaungua, kope zikaniwasha. Yeye alisimama nyuma ya kamera yake vilevile, hatikisiki, ingawa hakuna aliyemwomba. Tulitazamana dakika nne nyingine baina ya watu wanaopita, na katika maisha yangu yote ya usichana hizo ndizo dakika nilizozungumza zaidi.

Zilipokwisha aliinama kukusanya nyaya. Nilirudi ndani kusikiliza matusi ya wali.

Siku tisa baadaye aliileta picha, kama alivyomwahidi baba.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Baba na Shangazi Barke walikuwa ukumbini, mimi nikapewa kazi ya kupeleka kahawa. Idarus alikuja peke yake, na karatasi iliyokunjwa ndani ya bomba la bati. Aliamkia, akaitikiwa, akatandaza picha juu ya mkeka, na ilikuwa ndefu kuliko mkeka wenyewe. Pembe tatu zikazuiwa na vikombe, ya nne akaishika Shangazi.

Wallahi, ilikuwa nzuri. Msikiti ulisimama kama unavyosimama. Kila jiwe lilikuwa mahali pake, hata nyufa za ukuta wa kibla ungeweza kuzihesabu, na mnara ulikwenda juu moja kwa moja bila kuinama. Baba alipiga magoti kuutazama, akavua miwani akavaa tena. Aliguswa, nami nilimpenda zaidi kwa kuguswa kwake.

Kisha wakaanza kuchekeshwa. Mbuzi alikuwa na miguu saba. Wanawake wa ndoo walikuwa mistari miwili ya rangi, nyekundu na kijani na buluu. Shangazi, ambaye kumbe naye alitoka kwa mlango wa nyuma akakatiza pembeni kunitafuta, alijitambua kwa leso yake tu, nayo imevutika kama ubani unaofuka. Alicheka mpaka akaiachia pembe, ikajikunja.

Baba aliikunjua. Kidole chake kikaendelea kulia, nyumba baada ya nyumba, kikafika mlangoni petu, kikasimama.

"Na huyu?"

Nilikuwa nimeshika birika. Nilijiona kutoka nilipokuwa nimesimama. Katika mtaa mzima wa michirizi nilikuwa mtu peke yake, mzima, na mkono kwenye kizingiti, na uso ambao sikujua kwamba naumiliki. Hata mgeni asiyenijua angeuona ule uso akajua ninamtazama nani na kwa nini.

Idarus hakutafuta pa kujificha. "Ni Tumu, Maalim. Nimevunja sharti lako. Phineas alitaka kumfuta kwa kompyuta, ni kazi ya saa mbili, mlango ungebaki mtupu na wewe usingejua. Nilimkataza. Kama wataka, picha hii ichane, na iliyomo ndani ya kompyuta nitakwenda kuifuta yote, na kampuni nitaijibu mimi. Lakini kumfuta yeye peke yake, mkono wangu haukuweza."

"Alisimama kwa muda gani?"

"Mstari ulipita mlangoni kwa sekunde chache tu, mara mbili. Yeye hakujua utapita lini. Alisimama dakika nane."

Shangazi ndiye aliyesema kwanza, na neno lenyewe lilikuwa la wali ulioungua. Kumbe ndiyo siku ile, akasema. Kumbe alikuwa akiita mtu aliye hapo mlangoni, ana masikio mawili. Akamgeukia Idarus akamwambia kwamba huyu ni mwari aliyekwisha poswa, tena na mtoto wa ami yake, na kwamba watu wa Changamwe wakiiona picha hii ukutani kwa mtu watasema Barke hakulea. Shangazi yangu hutisha akiwa na hofu, na pale alikuwa na hofu kubwa, kwa ajili yangu na kwa ajili ya jina letu.

Halafu akafanya jambo ambalo nimemsamehe, kwani alilifanya kwa mapenzi. Alinitazama, akaiona sura yangu, akamgeukia baba, akaniokoa.

"Alikuwa angoja muuza maziwa, ndugu yangu. Mimi ndiye nilomtuma. Mtoto amesimama mlangoni angojea maziwa, huyu na chombo chake akamtia pichani. Basi."

Ilikuwa njia iliyofagiliwa. Nilichotakiwa kufanya ni kuweka birika chini nikanyamaza. Baba angeamini, kwa sababu alitaka kuamini. Idarus angeonekana mtu asiyetimiza ahadi, angekunja karatasi yake na kuondoka, na maulidi yakipita mimi ningekuwa mke wa Nassor. Hakuna ambaye angeniuliza tena.

"Tumu," baba akaniita.

"Abee, baba."

"Shangazi yako asema kweli?"

Niliweka birika chini. "Hasemi kweli, baba. Hakuna aliyenituma. Nilisimama kwa hiari yangu ili nibaki katika picha, Idarus anione kwamba nimesimama."

"La ilaha illa Llah," Shangazi akasema polepole, akaketi.

"Simtaki Nassor," nikaendelea. Nilijua nikinyamaza hata kidogo sitaanza tena. "Si mtu mbaya. Simtaki. Shangazi aliponitajia jina lake sikukubali, nilikufa ganzi tu. Nilifungua kinywa nikakosa neno, na kabla sijalipata kigelegele kimeshalia."

Baba hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angeipandisha. "Siku ishirini na tano, mwanangu. Umekula na mimi siku ishirini na tano hukusema."

"Nilikusikia ukicheka na Ami. Hukucheka hivyo tangu mama afe. Nilifikiri, kama ndilo linalokufurahisha, basi nitalibeba."

Niliona neno lile likimwingia. Alivua kofia, akaishika magotini, akakaa akiitazama. Baba ni mwalimu wa dini miaka thelathini. Mas'ala ya idhini ya mwari amewasomesha watu wazima wenye ndevu, na nimemsikia mwenyewe akiwaambia kwamba kimya ni idhini kwa mwari anayeonekana radhi, na kwamba anayeuliza lazima amtazame uso. Alipozungumza hakuwa akizungumza nasi hasa.

"Mimi sikumtazama," akasema. "Nilimtuma Barke kama nimetuma mtu dukani, nikabaki barazani na kaka yangu tukanywa kahawa. Uso wa mwanangu nimekuja kuuona hapa, kwenye karatasi."

Shangazi akaanza kulia, akasema kosa ni lake, kwamba yeye ndiye aliyekuwamo chumbani na alikiona kichwa kimeinama akadhani ni haya. Baba akamwambia asijitwike yote. Nilikwenda nikamshika mkono, naye akaubana wangu mpaka vidole vikaniuma, lakini hakuuachia.

Ndipo baba akamgeukia Idarus, na alikuwa mkali. Alimuuliza ana nia gani na binti wa watu, na kama ana nia njema, mbona mlango wake haukupigwa hodi na mtu mzima hata mmoja.

"Mama alikuwa eda, Maalim. Ametoka wiki mbili zilizopita, na ameshaninunulia kanzu ya kuja kwako. Nimemzuia mimi."

"Umemzuia kwa nini?"

"Kwa sababu Nassor ameshaposa, na haifai mtu kuposa juu ya posa ya ndugu yake. Wewe ndiye uliyelisema hilo kwenye arusi ya Jomvu mwaka jana. Nilikuwapo, nikipiga picha."

Baba alimtazama kwa kitambo kirefu. Sijui aliona nini. Mimi niliona mwanamume anayenipenda, aliyekuwa na kila kisingizio cha kuvuka mstari, akakaa upande wake akiteketea. Kama kulikuwa na punje ya moyo wangu ambayo bado ilikuwa yangu, iliondoka hapo.

"Nenda kwenu," baba akamwambia mwishowe. "Picha iache hapa. Ya ndani ya kompyuta usiifute, wala kampuni usiwape, mpaka nikuite."

Idarus akasimama. Hatukuagana, hapakuwa mahali pake. Alipofika mlangoni alipita pale pale niliposimama siku ya picha, akaweka kiganja kwenye kizingiti, kisha akatoka kwenye jua. Nilitaka kumfuata nikambeba.

Baba aliikunja picha kwa mikono yake, taratibu, akaiweka juu ya kabati. Halafu akavaa kofia, akachukua bakora yake, akamwambia Shangazi kwamba anakwenda Changamwe.

"Leo?" Shangazi akauliza. "Ngoja kwanza nikamtulize mke wa kaka."

"Neno nililitoa mimi," baba akasema. "Nitalirudisha mimi." Akanitazama. "Tumu, nisindikize."

Tulifuata njia ya mashambani, ile iliyochimbwachimbwa na mvua za mwaka ule, yeye mbele mimi nyuma. Hakusema kitu mpaka tulipopita minazi ya mwisho na kuanza kusikia malori ya barabara kuu. Nilikuwa naogopa. Ami ni mtu wa hasira, na ni ndugu pekee wa kiume aliyebaki kwa baba. Siku ile walipocheka barazani walikuwa wametoka kupatana baada ya miaka mitano ya kununiana kwa ajili ya shamba. Posa yangu ndiyo iliyowapatanisha. Nilikuwa nalijua hilo, naye alijua kwamba nalijua, ndiyo maana hatukulitaja.

Alisimama, akageuka. Nilidhani atanikanya. Badala yake alikuja karibu, akainama kidogo, akanitazama usoni kama anayesoma maandishi madogo.

"Na huyu Idarus," akasema. "Nakuuliza mimi mwenyewe, hapa. Wamtaka?"

Haya zilinishika, sikatai, nilihisi masikio yanawaka. Lakini sikutazama chini.

"Namtaka, baba. Namtaka sana."

Aliitikia kwa kichwa. Akaniwekea mkono kichwani kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa nikihifadhi sura ndefu, akauacha hapo kidogo.

"Basi rudi nyumbani. Mwambie Barke asiniwekee chakula, sijui nitarudi saa ngapi wala katika hali gani."

Akaenda. Nilisimama nikimwangalia akipanda kuelekea barabarani, kanzu imeshikwa juu isiguse tope, bakora ikitangulia. Mara moja alisimama, nikafikiri anarudi, kumbe alikuwa akipumzika tu. Alikuwa mzee anayekwenda kumpoteza kaka yake kwa mara ya pili, na alikwenda bila kunilaumu hata kwa neno moja. Nilikaa chini pale pale njiani nikalia, na watu waliopita kutoka mashambani waliniuliza nimefiwa na nani. Niliwaambia sikufiwa, ni baba yangu amenipenda.